Wanaume watatu wa Sterling Park: uchambuzi wa kisa cha Sonia Johnson

Tarehe 1 Desemba 1979, katika kata ya Sterling Park, jimbo la Virginia, Marekani, Sonia Johnson, mwanamke wa miaka 43, aliketi mbele ya wanaume watatu waliokuwa wakiamua kama anastahili kubaki muumini wa kanisa la Wamormoni alilozaliwa ndani yake. Walikuwa askofu na washauri wake wawili. Angekuwa mwanamume mwenye Ukuhani wa Melkizedeki, yaani ngazi ya juu ya ukuhani ambayo kanisa hilo huwapa wanaume wazima, watatu hao wasingekuwa na mamlaka ya kumtenga. Kanuni za kanisa lao wakati huo zilitaka kesi ya mtu wa namna hiyo ipande hadi kwenye kigingi, ngazi iliyo juu ya kata, mbele ya wanaume 15: rais wa kigingi, washauri wake wawili na wajumbe 12 wa baraza kuu. Mwanamke hana ukuhani, kwa hiyo kwake watatu walitosha.

Nimeianza habari na hesabu hiyo kwa sababu wengi wanaosimulia kisa cha Sonia Johnson huanza na hasira. Hasira zilikuwepo pande zote mbili, lakini hesabu ya 3 na 15 ilikuwepo kabla yake, na haikuandikwa kwa ajili yake.

Kwanza maneno. Kanisa lenyewe ni Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, yaani Wamormoni, makao makuu yao Salt Lake City katika jimbo la Utah. Kata hapa si ile ya diwani. Kwao kata ni usharika mmoja, na kata kadhaa zikikusanywa pamoja huitwa kigingi, kama kigingi cha kushikilia hema. Askofu naye si mtu wa kofia ndefu na gari la dayosisi. Ni muumini wa kawaida asiyelipwa, mwenye kazi yake ya wiki nzima. Jeffrey Willis, askofu wa Sterling Park, alikuwa mtumishi wa idara ya wafanyakazi katika shirika la ujasusi la Marekani, CIA. Waandishi wa habari walilipenda sana jambo hilo. Mimi naliona la pembeni: ukikaa karibu na Washington, lazima jirani yako mmoja awe mtu wa serikali.

Na neno la tatu, kutengwa. Aliyekulia kwenye usharika wa Kilutheri au wa Kianglikana kwetu hahitaji kufafanuliwa. Anawajua waliokuwa wakikaa viti vya nyuma, hawashiriki meza ya Bwana, mpaka siku wanayoitwa mbele kurudi kundini. Kwa Wamormoni jambo lina uzito zaidi, kwa kuwa wao huamini ndoa iliyofungwa hekaluni inaendelea hata baada ya kufa, na watoto ni wa wazazi wao milele. Anayetengwa hupoteza baraka hizo. Kwa mama wa watoto wanne, adhabu hiyo ilifika hadi ng'ambo ya kaburi.

Kosa lake lilianzia kwenye sentensi moja ya sheria. Marekebisho ya Haki Sawa katika katiba, ambayo Wamarekani huyaita ERA, yalisema kwamba usawa wa haki mbele ya sheria hautanyimwa wala kupunguzwa na serikali kuu au jimbo lolote kwa sababu ya jinsia. Basi. Pendekezo la namna hiyo lilipelekwa bungeni mara ya kwanza mwaka 1923 kwa juhudi za Alice Paul, mpigania haki za wanawake. Lilingoja karibu miaka 50. Tarehe 22 Machi 1972 Seneti ililipitisha kwa kura 84 dhidi ya 8, na likapelekwa majimboni, ambako lilihitaji mabunge 38 kati ya 50. Mwaka wa kwanza peke yake majimbo 30 yaliridhia. Ilionekana kama harusi imebaki kupigiwa vigelegele tu. Kisha gari likakwama. Kufikia 1977 yalikuwa 35, na mengine yakaanza kutangaza kuwa yamefuta kura zao.

Waliolikwamisha walikuwa wengi, na jina linalotajwa kwanza ni Phyllis Schlafly, mwanamke Mkatoliki wa Illinois aliyewapanga kina mama wa nyumbani waamini kwamba ERA itawapeleka binti zao jeshini na kuwaondolea wake haki ya kutunzwa na waume. Kanisa la Wamormoni liliingia baadaye kidogo. Mwezi Oktoba 1976 Urais wa Kwanza, ambao ndio uongozi wa juu kabisa, ulitoa tamko kwamba marekebisho hayo yataidhuru familia na huenda yakawaletea wanawake vizuizi vingi kuliko walivyo navyo. Januari 1977 mmoja wa mitume, yaani viongozi walio chini ya Urais huo, Boyd K. Packer, alikwenda Pocatello, Idaho, kuhutubia dhidi ya ERA. Mwezi uliofuata bunge la Idaho likafuta ridhaa liliyoitoa mwaka 1972.

Hapo sina la kulalamika. Kiongozi wa dini ana mdomo kama raia mwingine. Kilichofuata ndicho kinachotuhusu. Juni 1977 palifanyika Utah mkutano wa jimbo wa Mwaka wa Kimataifa wa Wanawake. Waandaaji walitarajia watu wapatao 3,000. Muungano wa Usaidizi, ambao ni umoja wa wanawake wa kanisa hilo, ukaombwa kupeleka wanawake 10 kutoka kila kata. Wakafurika karibu 14,000 katika ukumbi wa Salt Palace, na maazimio yote ya kitaifa yaliyoletwa mezani yakapigwa chini. Mtu yeyote aliyewahi kukusanya michango ya ujenzi wa kanisa ataelewa nguvu iliyotumika pale. Unayo orodha ya kila nyumba, unao mjumbe anayebisha hodi kila mwezi, na hodi hiyo haikataliwi. Chama cha siasa kingehitaji miaka na mamilioni ya dola kujenga mtandao wa namna hiyo. Kanisa lilikuwa nao tayari, na uliundwa kwa ajili ya kutembelea wagonjwa.

Virginia nako, moja ya majimbo ambayo hayakuwa yameridhia, waumini walijipanga kupitia viongozi wao wa kanda kuwashawishi wabunge. Sonia Johnson aliishi huko tangu 1976. Alikuwa na shahada ya udaktari katika elimu kutoka Chuo Kikuu cha Rutgers, alikuwa amezunguka nchi kadhaa na mumewe kikazi, na Jumapili alikuwa mpiga kinanda wa kata. Yeye mwenyewe alisimulia kwamba wanaharakati sio waliomgeuza. Aligeuzwa na kikao cha kanisani, akimsikiliza kiongozi akieleza ubaya wa sentensi ile moja, naye akiisoma na kuirudia asiuone.

Mwanzoni mwa 1978 yeye na wenzake watatu walianzisha kikundi cha Wamormoni wanaounga mkono ERA. Julai wakabeba bango lao katika maandamano makubwa ya Washington. Bango hilo ndilo lililomfikisha Seneti: kamati ndogo iliyoongozwa na seneta Birch Bayh ilikuwa ikisikiliza hoja za kuongeza muda wa kuridhia, ikatafuta Mmormoni wa kukaa kwenye jopo la watu wa dini.

Tarehe 4 Agosti 1978 akakaa mezani mbele ya Orrin Hatch, seneta kijana wa Utah, Mmormoni mwenzake na mpinzani mkubwa wa marekebisho hayo. Hatch alimwambia kwamba karibu wanawake wote wa Kimormoni wanapinga ERA, mkewe akiwemo, na kwamba yeye Johnson anajifanya ana akili kuwazidi, jambo ambalo ni tusi kwa mke wake. Johnson aliandika baadaye kwamba seneta yule aliongea na wageni wengine wa jopo kama seneta, ila alipomgeukia yeye sauti ikabadilika, ikawa ile ambayo wenye ukuhani huitumia wakiongea na kina dada kanisani. Pengine hili ndilo tukio muhimu kuliko yote katika kisa hiki, kuliko hata usiku wa Desemba. Raia alikuwa ameitwa na bunge la nchi yake kutoa ushahidi kuhusu katiba. Katikati ya kikao, pasipo mtu kutangaza, akawa Dada Johnson.

Miezi miwili kabla ya kikao hicho, Juni 1978, kanisa hilohilo lilikuwa limetangaza ufunuo ulioruhusu wanaume Weusi kupewa ukuhani, baada ya kuwanyima kwa zaidi ya karne moja. Novemba ya mwaka huo ubatizo ukaanza Nigeria, na Desemba ukaanza Ghana. Wanawake waliokuwa wakihesabu siku waliona kwamba mlango uliodaiwa hauna ufunguo umefunguliwa, na wao wamebaki uani.

Jambo jingine linalonisumbua katika kisa hiki ni mahali alipozaliwa. Sonia Johnson alizaliwa 1936 Malad, makao ya wilaya ya Oneida, kusini mwa Idaho. Katika miaka ya 1880 wakubwa wa Idaho waliweka kiapo kwa kila mpiga kura: uape kuwa huna wake wengi, na pia si mwanachama wa jumuiya inayofundisha ndoa za wake wengi. Kipengele cha pili kiliwanyima kura Wamormoni wote, hata kapera na mwenye mke mmoja. Samuel Davis, Mmormoni wa wilaya hiyohiyo ya Oneida, akala kiapo, akashtakiwa, akapeleka malalamiko hadi Mahakama Kuu ya Marekani. Mwaka 1890 majaji wakasema kiapo ni halali. Miaka 10 baadaye, Januari 1900, Baraza la Wawakilishi lilimkatalia B.H. Roberts wa Utah kiti alichoshinda kwa kura, kwa sababu alikuwa na wake zaidi ya mmoja. Kwa hiyo Wamormoni wanajua kutengwa na siasa kwa ajili ya dini. Wamekula chumvi hiyo.

Lakini tazama huyo Roberts mwenyewe. Mwaka 1895, kwenye kikao cha kuandika katiba ya Utah, ndiye aliyekuwa msemaji mkali wa kupinga wanawake kupiga kura. Alishindwa. Wanawake wa Utah walikuwa wameanza kupiga kura mwaka 1870, wakanyang'anywa haki hiyo na bunge la Washington mwaka 1887 katika vita dhidi ya ndoa za wake wengi, wakairudisha 1896 Utah ilipokuwa jimbo. Mwaka huohuo daktari Martha Hughes Cannon, mke wa nne wa kiongozi wa kanisa, alichaguliwa kuwa seneta wa jimbo, mwanamke wa kwanza Marekani kushika cheo hicho. Mumewe alikuwa mgombea pia, kwa chama kingine. Akaanguka. Wanaodai kwamba Johnson alileta uasi wa kigeni katika kanisa lililokuwa na utulivu hawakumuuliza Bwana Cannon.

Baada ya kikao cha Seneti Johnson hakurudi kwenye kinanda akanyamaza. Kikundi chake kilirusha ndege ndogo yenye bango juu ya Salt Lake City wakati wa mkutano mkuu wa kanisa, likitangaza kwamba Mama wa Mbinguni anawapenda Wamormoni wa ERA. Wasiolijua kanisa hilo waliona utani. Wamormoni walijua kuwa Mama wa Mbinguni ni sehemu ya mafundisho yao, ila hatajwitajwi hovyo. Bango lile liliwachoma kuliko tusi. Septemba 1979 alihutubia wanasaikolojia jijini New York kuhusu kile alichokiita kiwewe cha mfumo dume katika kanisa lake. Oktoba akasema neno Montana ambalo gazeti lililipeleka mbali: kwamba watu wasiwakaribishe wamisionari wa Kimormoni nyumbani. Yeye alidai alisema lililo laini zaidi, kwamba wakija, mtu awaambie anaunga mkono ERA na hapendi kusikia ujumbe wa kanisa linaloipinga.

Hata tukilichukua hilo laini, mimi nadhani alikosea hesabu. Umisionari ni mshipa wa kanisa hilo. Vijana huenda kwa gharama za familia zao, miaka miwili mtu hajarudi nyumbani. Ukilipinga kanisa lako bungeni, unaweza kusema umeipinga siasa yake. Ukiwaambia watu baki wawapokeeje wamisionari wake, umempa askofu wa kata kitu cha kukushitakia. Na kweli, alikichukua.

Barua ya hukumu ilikuwa ya tarehe 5 Desemba. Haikusema ametengwa kwa kuunga mkono ERA. Ilikuwa makini sana hapo. Ilitaja kwamba amezuia kazi ya umisionari duniani na kudhuru mipango mingine ya kanisa. Ilitaja pia kwamba alishuhudia kuwa jamii, viongozi wa kanisa wakiwemo, ina chuki kali dhidi ya wanawake. Kisha ikajibu kwamba kinyume chake, mafundisho ya kanisa ni kwamba mtu huinuliwa mbinguni kwa upendo unaowafunga mwanamume na mwanamke milele. Huo ni mgongano wa ajabu. Mmoja anasema jinsi watu wanavyotendewa, mwingine anajibu kwa yaliyoandikwa. Na aliyeandikiwa maneno hayo ya kifungo cha milele ndoa yake ilikuwa ikivunjika majira yaleyale.

Rufaa ilipita kwenye kigingi ikafika kwa Urais wa Kwanza mwaka 1980, hukumu ikabaki. Mwaka huo kanisa lilichapisha kijitabu likieleza kwamba muumini anaweza kuunga mkono ERA bila kupoteza uanachama, mradi asilishambulie kanisa na viongozi wake. Nimelifikiria jibu hilo mara nyingi, na siwezi kulitupa. Kila jumuiya ina haki ya kusema nani ni wake. Hata chama cha mpira kinafukuza. Tena wapo Wamormoni wengi waliounga mkono ERA kimya kimya na hawakuguswa.

Tatizo liko kwenye hilo neno kimya. Kanisa liliiita ERA suala la maadili, likapata sababu ya kuzungumza madhabahuni, kukusanya saini, kupeleka wanawake 10 kwa kila kata. Anayelipinga alipotumia silaha zilezile, yaani mabango, hotuba na wabunge, uwanja ukahamishwa. Upande mmoja ulicheza siasa kwa jezi ya dini, upande wa pili ukapewa kadi nyekundu na refa ambaye ni nahodha wa timu ya kwanza. Wahenga wangesema kesi ya nyani amepewa ngedere. Mimi sisemi Willis alikuwa mtu mbaya; nasema kiti alichokalia hakikumwacha awe kitu kingine.

Na mahakama za serikali? Hakuwa na pa kwenda. Tangu karne ya 19 mahakama za Marekani zimekataa kupitia maamuzi ya ndani ya makanisa, na mwaka 1976, katika mgogoro wa askofu wa Kiorthodoksi wa Kiserbia, Mahakama Kuu ilikaza kamba hiyo zaidi: hata kanisa likidaiwa kukiuka kanuni zake lenyewe, jaji wa serikali hana mamlaka. Naona ni sheria nzuri. Bila hiyo, serikali ingekuwa inachagua mashehe na maaskofu. Ila bei yake ililipwa na mtu fulani, na katika kisa hiki aliyelipa ni mpiga kinanda. Ukuta huo haukuwa na urefu sawa pande zote, lakini. Idaho ilipofungua kesi kupinga muda wa nyongeza wa ERA, jaji Marion Callister aliyeisikiliza alikuwa ametumikia kanisa kama mwakilishi wa kanda. Aliombwa ajitoe, akakataa. Desemba 1981 aliamua kwamba nyongeza ya muda ni batili na kwamba majimbo yanaweza kufuta ridhaa zao.

Baada ya kutengwa Johnson alizidi kuwa mkali. Novemba 1980 yeye na wenzake 20 walikamatwa Bellevue, katika jimbo la Washington, baada ya kujifunga minyororo kwenye lango la hekalu jipya. Mwaka 1982 alikwenda Springfield, Illinois, akafunga siku 37 pamoja na wanawake wengine, maji tu, akisukumwa kwa kiti cha magurudumu ndani ya jengo la bunge. Illinois ilitaka tatu ya tano ya wabunge, yaani kura 107. Juni 22 zilipatikana 103. Tarehe 30 muda wa nyongeza ukaisha. Mwaka 1984 aligombea urais kwa chama kidogo cha Citizens Party, akapata kura kama 72,000, kisha akaachana hata na siasa yenyewe, akisema kuwaomba wanaume sheria ni kuendelea kuwatambua kama wenye nyumba.

Juni 2014, huko huko Virginia, wakili wa haki za binadamu Kate Kelly alitengwa na kanisa hilo kwa kampeni ya kutaka wanawake wapewe ukuhani. Alipata hukumu kwa barua pepe. Waliomjadili walikuwa askofu na washauri wake wawili. Baadaye Kelly aliingia katika kampeni ya ERA, na Januari 2020, ingawa muda ulikuwa umeisha zamani, bunge la Virginia likaridhia, jimbo la 38. Mwezi mmoja kabla, kanisa lilikuwa limesema msimamo wake wa 1976 haujabadilika. Mwaka 2025 Rais Biden, siku tatu kabla ya kuondoka madarakani, alitamka kuwa anayaona marekebisho hayo ni sehemu ya katiba. Mtunza nyaraka wa taifa, ambaye ndiye mwenye kazi ya kuyachapisha, hakuyachapisha.